Turubai la Gari la Rugamba

Siku Rugamba alipofika Rubondo na gari lake la kulala, Nabintu alikuwa amepiga magoti uani akishona ukingo wa turubai la lori. Alimtambua kabla mlango wa gari haujafunguliwa. Alimtambua kwa kiwiko. Rugamba alikuwa na mazoea ya kutoa kiwiko dirishani na kupiga bati la mlango kwa vidole, taka-tak, taka-tak, kama mtu asiyekuwa na subira hata na dereva wake mwenyewe. Mlio ule Nabintu alikuwa ameusikia kila asubuhi kwa miaka mitatu. Sindano ya turubai, ndefu kama kidole, ikamwingia kwenye gumba. Aliichomoa, akafuta damu kwenye kitenge, akasimama.

"Nyabo," Rugamba akasema huku akishuka, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "wewe ndiye Mama Liliane? Mimi naambiwa wewe iko fundi ya turubai kupita wote wa Nakivale."

Alimtazama usoni, mchana kweupe, hatua mbili tu kati yao. Hakumkumbuka.

Nabintu alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka sita. Alikuwa ameiwaza kila namna: akimkuta Rugamba njiani, akimkuta kanisani, akimkuta amelala hoi hospitalini. Katika mawazo yote hayo Rugamba alishtuka alipomwona. Hata mara moja haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kukuharibia maisha, kisha akasahau sura yako.

"Ndiyo," akajibu. "Njo mimi."

Nabintu alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini. Alivuka mpaka kuingia Uganda akiwa na mtoto wake Liliane mgongoni na mama yake, Mariette, akimfuata nyuma na sufuria mbili. Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, walipewa kiwanja, wakapanda mahindi na maharage, lakini Nabintu hakuwa mtu wa jembe. Alikuwa mtu wa sindano. Alianza kwa kuziba maturubai ya watu yaliyopasuka juu ya vibanda, kisha akasikia kwamba mjini Mbarara kuna mtu anayekodisha mahema ya harusi na anatafuta mshonaji. Mtu huyo alikuwa Rugamba.

Alimfanyia kazi miaka mitatu, akirudi Rubondo kila mwisho wa mwezi. Mahema aliyoyashona yeye hayakuvuja. Wateja waliyajua na waliyaomba kwa kuyaonyesha kidole. Nabintu alikuwa na alama yake: kila jora la turubai lililopita mikononi mwake alilitia nukta tatu za uzi wa buluu pembeni, ndogo, ili ajue ni lipi amekwisha kulipima na kulikagua.

Asubuhi moja jora jeupe halikuonekana. Rugamba hakuuliza mtu. Alimwita Nabintu barazani, mbele ya wapakiaji wa viti na wateja na wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara, akapindua mkoba wake na kumwaga kila kitu chini: leso, rozari, picha ya Liliane. Alipokosa kitu akachana kipande cha boksi, akaandika neno moja la Kinyankole kwa kalamu nene, *omushuma*, yaani mwizi, akamvisha Nabintu shingoni kwa kamba ya hema. Akamkalisha barazani mpaka saa ya chakula cha mchana. Mtu mmoja akapiga picha. Kisha Rugamba akamfukuza.

Picha ilifika Nakivale kabla yake. Aliposhuka kwenye gari njia panda ya Rubondo, wanawake waliokuwa wakimsalimia kwa vigelegele walikuwa wakitazama ndoo zao. Kwaya yake ikamwambia apumzike kidogo, na kidogo hicho hakikuisha. Lakini hayo yote angeyameza. Kilichomkwama kooni ni mama yake.

Mariette alimwuliza mara moja tu. "Nabintu, ambia mama yako kweli. Ile turubai, uliikamata?"

"Hapana, Mama."

"Ni sawa, mwanangu." Na Mariette akatikisa kichwa kama aliyeridhika.

Lakini karatasi ya posho, ambayo miaka yote ilikaa chini ya godoro, Nabintu hakuiona tena pale. Mama yake alianza kuitoa mwenyewe siku ya mgao na kuirudisha mwenyewe, hakusema wapi. Miaka miwili baadaye Mariette aliugua na kufa. Nabintu alipofua matandiko yake aliikuta karatasi ile ndani ya mto, imeshonewa humo kwa mshono wa mkono, mdogomdogo, wa mtu aliyejitahidi sana. Mama yake alikuwa ameificha ili binti yake asiiibe.

Miezi minane baada ya mazishi, Nabintu alipata kazi ya kushona vivuli vya turubai vya wauza maziwa huko Bwizibwera, kwenye barabara ya Ibanda. Nyuma ya duka moja, juu ya makopo ya maziwa, aliona turubai jeupe lililochakaa. Akalishika pembe. Nukta tatu za buluu.

Mwenye duka alikuwa mtu mpole, mcheshi. "Hiyo?" akasema. "Hiyo shemeji yangu naleta. Rugamba wa mahema, wewe najua yeye? Mvua naharibu maziwa yangu, yeye nachukua hii kwa stoo, naleta mbio-mbio. Baada ya wiki mbili mimi nataka kurudisha, yeye nacheka sana. Nasema, 'Kumbe iko kwako! Kwa sababu ya hiyo mimi nafukuza Mkongo mmoja. Wewe kaa nayo tu.'"

Naye akacheka, kama mtu anayesimulia kisa cha kuchekesha alichosimuliwa. Nabintu akamaliza kushona kivuli chake, mshono kwa mshono, akapanda gari, akarudi nyumbani. Tangu siku hiyo alikuwa na kitu cha kukiamkia.

Sasa Rugamba alikuwa amesimama uani kwake, akieleza shida yake.

Gari lile, alisema, lilikuja kwa barabara kutoka Ulaya na mzee mmoja Mjerumani aitwaye Ulrich. Alipofika Mbarara mgongo ulimshinda, akaliuza, akarudi kwao kwa ndege. Ndani lilikuwa na vitanda viwili, jiko, sinki na choo kidogo. Rugamba alitaka kulikodisha kwa watalii na kwa maharusi. Kila kitu kilikuwa kizuri isipokuwa kile kilichokuwa ubavuni: bomba refu la bati lililozungushiwa kitambaa, ambalo ukilivuta linafunguka kuwa kivuli, na watu wanaweka viti chini yake. Kitambaa kilikuwa kimeoza. Spea, Kampala hawana. Ulaya wanasema gari ni la zamani mno, hawatengenezi tena.

Nabintu akamwita Audace, Mrundi jirani yake, fundi wa vyuma. Wakapanda kwenye vigoda wakakagua, yeye kitambaa, Audace vyuma. Uzi wa mishono ulikuwa wa pamba, jua lilikuwa limeula. Ukiugusa ulikatika kama nywele zilizoungua. Kitambaa kilipasuka kwa kidole. Vifuniko vya plastiki vya ncha za bomba vilikuwa vimepasuka. Mkono mmoja wa chuma, ile inayokishikilia kivuli, ulilegea kwenye goti lake, pale unapokunjika. Na springi iliyo ndani ya bomba, ile inayokirudisha kitambaa ndani, ilikuwa imechoka upande wa nyuma ingawa mbele bado ilikuwa kali.

"Inawezekana," Audace akasema. "Springi ya mlango wa duka, ile milango ya kukunja, inaweza kuingia humu. Mbarara kwa wauza vyuma chakavu zipo."

"Mimi nataka siku kumi na mbili," Rugamba akasema. "Kuna watu wakubwa wanakuja Kamukuzi, pale Mbarara, kuona gari. Mimi nataka hii kitu ifunguke kama mwavuli."

"Itafunguka," Nabintu akasema. "Lakini leta turubai wewe mwenyewe, yenye kuwa ku duka yako."

Rugamba akageuka. "Wewe najuaje mimi iko na duka ya turubai?"

Nabintu akanyoosha kidole kwenye mlango wa gari, mahali jina la biashara lilipopakwa rangi ya njano. Rugamba akacheka.

Walianza kulifungua bomba mchana huohuo. Kazi ya springi ni ya hatari. Kabla ya kutoa kifuniko cha ncha ni lazima uchomeke pini ishike, la sivyo springi inajifungua yote kwa mpigo mmoja, na bomba linazunguka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Audace alimwambia Rugamba arudi nyuma. Rugamba hakuwa mtu wa kuambiwa. Alisogea akashika mkono wa kivuli pale kwenye goti lake, vidole vinne ndani ya mkunjo wa chuma, akauliza hiki ni nini na kile ni nini. Pini ilikuwa mkononi mwa Nabintu. Ingetosha kuiacha ichomoke nusu tu.

Aliitazama mikono ile. Ilikuwa imenenepa. Kidole cha shahada kilikuwa na pete mpya. Ndicho kilichofunga kamba shingoni mwake.

Aliisukuma pini mpaka mwisho. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alijua tu kwamba mtu aliyevunjika vidole huletewa maziwa na kuonewa huruma na watu wote, na Rugamba hakustahili kikombe kimoja cha maziwa ya mtu yeyote.

Rugamba akaacha gari, akaondoka na dereva wake Claude kwa pikipiki mbili.

Wazo lilimjia siku ya tatu. Alikuwa ametandika kitambaa cha zamani juu ya kamba ya nguo ili achukue vipimo. Jua lilikuwa upande wa pili wa kitambaa. Katikati ya kitambaa akaona doa la umbo la moyo, jeusi, ambalo alipolitandika chini halikuonekana kabisa. Akachana kwa wembe. Ulrich, au fundi wake wa huko kwao, aliwahi kuziba tundu kwa kiraka kilichobandikwa ndani, katikati ya matabaka mawili. Ukikitazama kitambaa juu ya meza huoni kitu. Ukikitazama kutoka chini, jua likiwa juu, unaona kila kitu.

Nabintu alikaa chini, pale pale kwenye vumbi. Kisha akacheka, peke yake, kicheko ambacho jirani mmoja alikisikia akadhani mtu analia.

Claude alipoleta turubai la Rugamba, jora la buluu na jora la rangi ya maziwa, Nabintu alimwambia: "Ambia mzee tutaweka mbili, moja juu, ingine chini. Mvua haitapita, na jua halitachoma batu." Rugamba akapokea ushauri huo kwa simu, akasifu.

Aliishona kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kushona. Alitumia uzi wa nailoni unaovumilia jua. Kwenye ukingo wa juu alishonea kamba ndani ya pindo, iwe nene sawasawa na ufito unaoingia kwenye mfereji wa bomba, isije ikachomoka upepo ukivuma. Audace alichonga vifuniko vipya kutoka ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, akaweka riveti mpya kwenye goti la mkono, akaingiza springi ya mlango wa duka na kuizungusha mara kumi na nne, akiihesabu kwa sauti.

Na kati ya turubai la juu na la chini, Nabintu akatandika herufi.

Alizikata kutoka kwenye plastiki nyeusi ya vifuko vya miche, nyembamba, isiyofanya uvimbe. Alizibandika kwa gundi ya viatu ili pasiwe na mshono hata mmoja wa kuzisaliti. Mara ya kwanza alizipanga, akaenda chini ya kamba akatazama, akakuta zinasomeka kinyumenyume. Akabandua zote. Akapanga upya, zikitazama upande wa pili, kila herufi urefu wa kiganja na nusu.

Audace aliziona kabla Nabintu hajazifunika. Alikuwa anasoma polepole. Alipomaliza akavua kofia.

"Mama Liliane, huyu mtu anajua watu. Watakufunga."

"Mi niko mu gereza tangu miaka sita, Audace. Hakuna mutu alikuja kunisalimia."

"Na mimi?"

"Weye ulitengeneza bichuma. Bitambaa ni byangu."

Audace akaokota koleo lake. "Vyuma vyangu ni vizuri," akasema mwishowe. "Wakija kuuliza, nitasema hivyo tu."

Siku Rugamba alipokuja kulijaribu, wingu lilikuwa zito juu ya Rubondo na gari lilikuwa limeegeshwa ubavu wenye turubai ukiwa umelipa jua kisogo. Nabintu alilisubiri wingu hilo. Siku moja kabla, jua likiwaka, alimpigia Rugamba simu kumwambia gundi haijakauka. Kivuli kikafunguka taratibu, bila mlio. Rugamba akapita chini yake, akagonga turubai kwa vidole, taka-tak. Akatazama juu. Akaona rangi ya maziwa, safi, bila doa.

"Banange! Wewe nyabo, wewe iko fundi," akasema. "Mimi ningekuwa na mtu kama wewe pale kwangu."

Nabintu akainamisha uso, isije ikaonekana alivyouma meno. Akamwonyesha Claude jinsi ya kufungua. "Kufunga, hapana," akasema. "Springi iko mupya, inaweza kuvunja mutu mukono. Nitakuja mi mwenyewe Kamukuzi, nimufundishe kule."

Kwa hiyo Rugamba mwenyewe akamwalika.

Alifika Kamukuzi asubuhi, amevaa kitenge alichokivaa siku ya kumzika mama yake. Gari lilikuwa limeoshwa na kuegeshwa kwenye nyasi za bustani moja kilimani. Kivuli kilikuwa wazi na chini yake viti thelathini vyenye vitambaa vyeupe. Walikuwepo wenye mahoteli, waongoza watalii, padri aliyekuja kulibariki gari, mke wa Rugamba, shangazi yake mmoja mzee aliyevaa gauni refu la gomesi la zambarau, na shemeji yake wa Bwizibwera, akigawa maziwa ya mtindi kwa furaha.

Nabintu alisimama nyuma, penye ua wa michongoma. Akatazama juu. Mawingu.

Padri akabariki. Mawingu. Rugamba akahutubia kwa muda mrefu, akasema jinsi alivyoanza na mahema mawili tu na jina lake safi. Mawingu bado. Watu wakaletewa soda na nyama. Karibu saa saba mchana upepo ukapita juu ya kilima, mawingu yakasogea, na jua likamwagika lote kwa mara moja juu ya bustani.

Shangazi alikuwa akijipepea. Akainua uso, akakunja macho, akaanza kusoma silabi moja baada ya nyingine kama mtoto shuleni. "O-mu-shu-ma." Akacheka. "Rugamba, mwanangu, kwa nini umeandika mwizi huku juu?"

Watu wakatazama juu. Palikuwa na mstaafu mmoja wa jeshi, ambaye Kiswahili alikijua kutoka kambini. Huyo akasimama na kusoma kwa sauti ya gwaride, bila kupima uzito wa anachosoma:

"RUGAMBA ALIMWITA NABINTU OMUSHUMA. TURUBAI LIKO KWA SHEMEJI YAKE BWIZIBWERA. ALIJUA."

Kisha akawatafsiria wenzake kwa Kinyankole, neno kwa neno, kwa sababu waliokaa mwisho walisema hawakusikia.

Rugamba alikuwa ameshika chupa ya soda. Alisimama nayo vilevile.

"Shemeji yake ni mimi," mwenye duka la maziwa akasema, akishangaa. Akamgeukia Rugamba. "Turubai gani? Lile jeupe? Lile ulileta siku ya mvua?" Kisha uso wake ukabadilika, polepole, kama mtu anayekumbuka alichokicheka. "Yule Mkongo," akasema. "Uliyefukuza."

Simu zikaanza kuinuliwa. Padri akaweka sahani chini.

"Claude!" Rugamba akapiga kelele. "Funga hii kitu! Funga!"

"Mzee, kufunga sijui. Fundi alisema atafunga yeye."

"Fundi iko wapi?"

"Niko hapa," Nabintu akasema.

Akapita katikati ya viti. Watu wakamwachia njia. Akasimama chini ya turubai lake, na herufi zikamwangukia mabegani kama vivuli vya majani.

"Funga, nyabo," Rugamba akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Tafadhali."

"Nitafunga. Lakini ambia kwanza jina yangu."

"Wewe Mama Liliane."

"Ile ni jina ya mutoto wangu. Mi ni nani?"

Rugamba alimtazama. Akatazama juu, kwenye herufi, kana kwamba jibu amelisahau na ni lazima alisome. Ndipo alipomwona. Nabintu aliona kabisa wakati ule ulipofika: macho yalimtoka, yakashuka shingoni mwake, yakabaki pale mahali kamba ilipokuwa.

"Nabintu," akasema.

"Ulijua ile turubai iko wapi?"

Mke wa Rugamba alikuwa amejiziba mdomo. Rugamba akalamba midomo, akajaribu kutabasamu, akageuza viganja juu.

"Ilikuwa jambo ndogo tu, nyabo. Jambo ya zamani."

Shangazi akasonya, msonyo mrefu uliosikika mpaka barabarani.

"Ni sawa," Nabintu akasema. "Na hii pia ni jambo ndogo."

Akageuka, akaondoka. Hakufunga. Alishuka kilima cha Kamukuzi kwa miguu mpaka kituoni, na njia nzima alikuwa akisikia kelele za Rugamba zikiita watu walete kamba, walete ngazi, walete kitu chochote. Alinunua chapati akaila yote akiwa amesimama, njaa ya miaka sita.

Yaliyofuata aliyapata kwa vipande. Rugamba alichukua kisu cha jikoni, humo humo garini, akachana turubai mbele ya wageni waliokuwa bado hawajaondoka. Turubai lilipokatika springi ikakosa wa kuivuta. Bomba likazunguka kama kichaa, mkono wa chuma ukaruka na kupasua dirisha la kitanda. Hakuumia mtu. Alikwenda polisi kushtaki. Ofisa mmoja akaziangalia picha kwenye simu, akamwuliza ni neno lipi hapo si kweli, kwa sababu shemeji yake mwenyewe alikuwa amekwisha kusema mbele ya padri. Rugamba akasema anataka wakili. Hakurudi.

Picha zilifika Rubondo, na safari hii pia zilifika kabla ya Nabintu. Wanawake walimsubiri kisimani, pale penye pampu, wakitaka kumkumbatia. Aliwapita, akajaza ndoo yake. Kiongozi wa kwaya alikuja nyumbani na kitambaa kipya cha sare. Nabintu akamwacha asimame mlangoni, akamwambia, "Miaka sita ulipita hapa kila Jumapili. Pita na leo." Alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri kwa siku nyingi, na hakumwomba mtu ruhusa.

Kitu kimoja tu kilimkera. Mama yake hakuwepo kusoma. Herufi zile zingekuwa kubwa kama nyumba, Mariette asingeziona. Nabintu alipofika hapo katika mawazo yake, furaha ilisimama kama gari lililoishiwa mafuta, na hasira juu ya Rugamba ikaanza upya kana kwamba hajalipiza chochote.

Wiki ya tatu Claude alikuja. Alikuja na begi moja. Rugamba alikuwa amemfukuza, akisema walipanga pamoja na fundi.

"Mimi ninakukosea nini, mama?" akauliza. Hakupandisha sauti. "Unanionyesha kufungua tu. Kufunga unakataa. Sasa nyumbani wananiuliza ninaiba nini."

Katika mipango yote ya Nabintu, Claude alikuwa mkono wa kufungua turubai, basi. Alimwekea kiti, akampa chai, akasema pole, na neno lile lilikuwa gumu kulitoa kuliko sindano ile kwenye gumba. Claude alilala kwa Audace siku tisa, mpaka alipopata kuendesha lori la maziwa barabara ya Ibanda. Siku alipoondoka hakumuaga Nabintu.

Kwaresima ilipofika Nabintu alikwenda kuungama kwa padri wa kanisa dogo la Rubondo. Alisema alimtumia mtu asiye na kosa, akamfukuzisha kazi, na jina la mtu huyo ni Claude, na anaomba msamaha wa Mungu kwa hilo.

"Na huyu Rugamba?" padri akauliza. Alikuwa ameziona picha, kama kila mtu.

"Rugamba hapana, Padri. Nikipata turubai ingine, nitashona tena. Herufi nitakata kubwa kupita zile."

Nje mtu alikuwa akisukuma pampu ya kisima, chuma juu ya chuma. Padri akampa toba kwa kosa alilomtendea Claude, hilo peke yake.